Yai la Kwanza: Habari za Kuku wa Uani, Kariakoo na Msimbazi

  

Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa. Nanyi wanafunzi yaandikeni katika madaftari yenu. Maneno yenyewe ni haya: KIFARANGA, TEMBE, MTETEA, KOO. Yasomeni pamoja kwa sauti. Vema. Tutayahitaji sasa hivi.

Leo tutasoma historia ya kuku. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Historia ni habari za masultani, vita na magavana, kuku ana historia gani?" Lakini historia ni habari za maisha ya watu, na katika mji huu wa Dar es Salaam watu wengi wameishi na kuku uani kwa muda mrefu kuliko walivyoishi na gavana yeyote.

Tuanze na methali mnayoijua. Wazee walisema: "Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe." Methali hiyo ni ya uchungu. Inasema kwamba mtu asiye na kitu hata bahati humkimbia. Je, ni kweli? Kuku hajui kama bwana wake ni maskini au tajiri. Hasomi hati ya nyumba wala hahesabu fedha za mtu. Mbona basi kuku wa maskini hatagi? Hilo ndilo swali letu la leo. Tutalijibu kwa kutazama historia, hasa ya Kariakoo na Mtaa wa Msimbazi.

MAJINA MANNE

Turudi ubaoni. Kifaranga mnamjua. Ni kuku mchanga, aliyetoka katika yai baada ya siku 21 za kuatamiwa. Kifaranga akikua, akawa jike mzima ambaye bado hajaanza kutaga, huitwa tembe. Akianza kutaga huitwa mtetea, kwa sababu hutetea, yaani hupiga ile kelele yake ya kutangaza yai. Akishaatamia na kuangua, akatembea na watoto wake, ni koo.

Tazameni jinsi wazee wetu walivyokuwa waangalifu. Walimpa kuku jike jina jingine kila alipofika hatua mpya ya maisha yake. Walifanya hivyo kwa sababu thamani yake ilibadilika. Tembe ni matumaini tu. Mtetea ni mali. Koo ni mali inayozaa mali nyingine.

Baina ya kifaranga na mtetea kuna muda wa kungoja. Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na umri wa miezi 6 mpaka 8 hivi. Katika muda huo wote anakula, anachafua ua, anamkasirisha jirani, wala hatoi kitu. Kisha siku moja mwenye kuku anaona mabadiliko. Kishungi na uso vinakuwa vyekundu. Kuku anaanza kuzungukazunguka, anachungulia chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, ndani ya kikapu kibovu. Anatafuta mahali pa siri. Ukimkaribia anachutama. Hapo mwenye kujua husema, "Huyu yu karibu."

Yai la kwanza huwa dogo. Pengine lina gamba laini, au lina alama ya damu juu yake. Si ugonjwa, wala si uchawi. Ni mwili wa kuku unaojifunza kazi yake. Yai moja huchukua saa 25 hivi kutengenezwa ndani ya kuku, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kazi ya kujenga gamba. Ndiyo sababu kuku hawezi kutaga zaidi ya yai moja kwa siku, na ndiyo sababu kila siku hutaga kwa kuchelewa kidogo, mpaka siku moja akapumzika.

Jambo jingine: kuku hutaga hata kama hakuna jogoo. Jogoo hahitajiki ili yai litoke. Anahitajika ili yai liwe na kifaranga.

Basi kumbukeni jambo hili, kwa kuwa ndilo nguzo ya somo letu: kabla ya yai la kwanza kuna miezi 6 au zaidi ya kungoja. Anayeweza kungoja hupata yai. Asiyeweza kungoja humwuza tembe kabla hajataga.

KUKU ALITOKA WAPI?

Kuku si mnyama wa asili ya Afrika. Babu yake ni kuku wa mwituni wa kusini-mashariki mwa Asia. Wataalamu wamechimba mifupa yake katika nchi ya Thailand, mahali paitwapo Ban Non Wat, nayo ina umri wa zaidi ya miaka 3,000. Inaelekea kwamba kuku wale wa mwituni walivutwa na mashamba ya mpunga na mtama. Walifuata punje, wakazoea watu, na watu wakawazoea wao.

Alifikaje pwani yetu? Alipita baharini. Majahazi yaliyosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi hayakuleta shanga na nguo peke yake. Katika Unguja na pwani ya Afrika Mashariki wachimbaji wamepata mifupa ya kuku wa zamani, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 umeonyesha kwamba kuku walikwisha fika pwani hii katika karne ya 7 au ya 8. Panya weusi walifika wakati huo huo, katika majahazi yayo hayo. Yaani bahari ilituletea kitoweo, ikatuletea na mwizi wa nafaka.

Wako wataalamu waliosema kwamba kuku alifika mapema zaidi. Profesa Felix Chami, mchimbaji wa mambo ya kale wa Tanzania, aliandika juu ya mifupa ya kuku katika mapango ya Unguja, akasema ni ya kale sana. Wengine waliochimba tena katika Pango la Kuumbi hawakukubaliana naye. Ndivyo historia inavyofanywa, ndugu zangu. Mtu hutoa ushahidi, mwingine huupima, na sisi tunajifunza kwa wote wawili.

Lakini hakuna ubishi kwamba miaka mia sita hivi baadaye kuku alikuwa chakula cha heshima. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani yetu mpaka Kilwa. Alipokuwa Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Mgeni akija, kuku huchinjwa. Desturi hiyo mnaijua hata leo, na kuku naye anaijua, ndiyo maana akisikia hodi hukimbia.

UA WA NYUMBA YA KARIAKOO

Sasa tuje mjini kwetu. Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji.

Jina la Kariakoo lilitoka katika vita hiyo. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza kikiitwa Carrier Corps, na wapagazi hao walipigishwa kambi mahali pale. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Wapagazi wengi sana, makumi ya maelfu, walikufa katika vita ile kwa njaa, uchovu na magonjwa. Hata baadhi ya mitaa ina majina ya vita hiyo. Ukipita Mtaa wa Narung'ombe, au wa Mahiwa, unapita juu ya majina ya mapigano ya mwaka 1917. Jengo la soko nalo lilikuwa limejengwa na Wajerumani kwa ajili ya maonyesho. Vita vikaingia, maonyesho yasifanyike, na baadaye likawa soko la watu.

Waingereza waliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi walikaa katika mitaa ya biashara, na Waafrika walikaa Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Huko Kariakoo ndiko ilikoenea nyumba mnayoijua, nyumba ya Kiswahili.

Tuieleze nyumba hiyo, kwa sababu vijana wengi wa leo hawajaishi ndani yake. Mbele kuna baraza. Ukiingia, kuna ukumbi mrefu katikati, na vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu. Chumba kimoja ni cha mwenye nyumba, vingine ni vya wapangaji. Ukivuka ukumbi unatoka uani. Uani kuna jiko, choo, mahali pa kuogea, kamba za kuanikia nguo, na ukuta au ua wa makuti kuzunguka pande zote.

Ua huo ulikuwa mahali pa akina mama, watoto na kuku. Barazani wanaume walizungumza mambo ya mji; uani wanawake walitwanga, walipika, walisukana, na makombo yote yalianguka chini. Pumba, chenga za mchele, ukoko wa ugali, maganda ya muhogo: hayo yote yalikuwa chakula cha kuku bila gharama. Kuku wa uani aliishi kwa kile kilichodondoka.

Na kuku huyo alikuwa wa nani? Mara nyingi alikuwa wa mama. Mshahara ulikuwa wa baba, ikiwa alipata kazi. Chumba kilikuwa cha mwenye nyumba. Lakini kuku na mayai yake mama aliweza kusema, "Hivi ni vyangu." Kwa mwanamke asiye na mshahara, kuku sita uani walikuwa kama kitabu cha benki. Mtoto akiugua, aliuza kuku. Sikukuu ikifika, alichinja. Fedha za chumvi na mafuta ya taa zikipungua, alipeleka mayai sokoni.

Sasa, ndugu, tuirudie methali yetu. Mama huyu ana tembe mmoja wa miezi 5. Amebakiza mwezi mmoja au miwili tu, ataanza kutaga. Ghafla kodi ya chumba inadaiwa. Afanye nini? Anamfunga tembe miguu, anampeleka Kariakoo, anamwuza kwa bei ya nyama. Mnunuzi mwenye nafasi anamfuga mwezi mmoja tu, kuku anataga. Majirani wanasema, "Mnaona? Kwa maskini hakutaga, kwa tajiri ametaga." Je, kuku alibadilika? Hakubadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa kungoja.

MIAKA YA SHIDA

Historia ya mji wetu ina miaka mingi iliyowanyima watu nafasi ya kungoja. Nitaitaja michache.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili bidhaa ziliadimika na bei zikapanda. Serikali ya Waingereza iliweka mgao wa chakula mjini, na mgao wenyewe ulipimwa kwa rangi: Mzungu kipimo chake, Mhindi chake, Mwafrika chake. Wafanyakazi wa bandarini waligoma mwaka 1939, tena 1943, tena 1947, kwa sababu mishahara haikutosha. Wakati kama huo kuku uani ana thamani kubwa, lakini ndio wakati ambao mtu hushawishika zaidi kumla.

Kisha ikaja miaka ya kudai uhuru. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba moja ya hapa hapa Kariakoo, katika mtaa ambao sasa ni Lumumba. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alianza kuwaandikisha wanawake, na katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walijiunga. Wengi wao hawakuwa na mshahara wala hawakuwa wamesoma shule. Walikuwa wauza vitumbua, maandazi, samaki na pombe, na waimbaji wa vikundi vya ngoma. Sisemi kwamba mayai ndiyo yaliyoleta uhuru. Nasema hivi: mwanamke mwenye senti zake mwenyewe, hata chache, aliweza kutoa ada ya chama bila kuomba ruhusa ya fedha kwa mtu. Akiba ndogo humpa mtu sauti.

Baada ya uhuru serikali ilitilia nguvu elimu yenu ninyi, elimu ya watu wazima. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Redio ikawa darasa. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 "Chakula ni Uhai". Watu walikaa katika vikundi, kama mlivyokaa leo, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatenda.

Katika mafundisho ya chakula bora yai lilikuwa na kesi yake. Sehemu nyingi za nchi yetu palikuwa na mwiko wa kumnyima mama mja mzito mayai. Walisema mtoto atazaliwa hana nywele. Tazameni ajabu hiyo: mwanamke ndiye aliyemlisha kuku, ndiye aliyemfichia kiota, na yai likitagwa yeye haruhusiwi kulila wakati anapolihitaji zaidi! Waganga wa hospitali wametufundisha kwamba yai hujenga mwili wa mama na wa mtoto. Wala halina uhusiano na nywele.

Miaka ya 1973 mpaka 1975 mvua zilikosekana sehemu nyingi, na serikali ikatangaza "Kilimo cha Kufa na Kupona" mwaka 1974. Watu wa mjini nao waliambiwa walime. Mwaka 1978 vita ya Kagera ilianza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni, unga na nguo viliadimika, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mshahara haukumaliza mwezi. Hapo neno "mradi" likawa katika kinywa cha kila mtu. Karani alikuwa na mradi, mwalimu alikuwa na mradi, muuguzi alikuwa na mradi. Na mradi mmoja uliopendwa sana ulikuwa kuku. Kuku hakukaa tena katika ua wa maskini peke yake. Alihamia hata katika nyua za wakubwa wa ofisini.

Lakini huyo aliyehamia kwa wakubwa mara nyingi hakuwa kuku wa kienyeji. Alikuwa kuku wa kisasa, ambaye wengine humwita kuku wa kizungu. Huyu huanza kutaga akiwa na majuma 18 mpaka 20, yaani miezi 4 na nusu hivi. Kwa mwaka huweza kutaga mayai zaidi ya 250. Kuku wa kienyeji, anayejitafutia, hutaga kama 40 mpaka 60. Tofauti ni kubwa. Lakini kuku wa kisasa hataki makombo. Anataka chakula cha kununua, kila siku, kwa kipimo. Anataka banda, maji safi na dawa. Ni kuku wa mtu mwenye fedha za kutangulia. Tena kwa kawaida haatamii mayai yake. Vifaranga hununuliwa. Wa kienyeji hutaga kidogo, lakini hujilea na kulea.

Wasomaji wa habari za Ulaya watauliza juu ya majira. Huko, zamani, kuku walikuwa wakiacha kutaga wakati wa baridi, kwa sababu mchana ni mfupi na kuku huhitaji mwanga. Mayai yalirudi pamoja na siku ndefu, karibu na Pasaka. Hapa kwetu, karibu na Ikweta, mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima. Kwa hiyo kinachomzuia kuku wetu si jua. Ni chakula, ni ugonjwa, na ni kisu.

MSIMBAZI WA LEO

Ukienda leo Mtaa wa Msimbazi, ule ambao makao ya klabu ya Simba yalifanya jina lake lijulikane nchi nzima, utakuta maghorofa. Tangu miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja moja. Pale palipokuwa na ukumbi na ua pana maduka chini, stoo katikati, na vyumba juu. Mwaka 1957 mji mzima ulikuwa na watu kama 129,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya 5,383,000 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ardhi ya Kariakoo imekuwa ghali kiasi kwamba hapana mtu awezaye kumwachia kuku eneo la kuparua.

Kuku bado yuko Kariakoo, lakini sasa yuko kama bidhaa. Matenga yake hushushwa alfajiri, kutoka Singida, Dodoma na mikoa mingine. Mayai huja kwa trei za 30, kutoka mabanda ya pembezoni mwa mji. Jengo kubwa la soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua tarehe 10 Julai 2021, lakini biashara ya mtaani haikufa. Muuza chipsi huvunja mayai usiku kucha wala hajui kuku aliyeyataga.

Kilichopotea ni nini, basi? Si yai; mayai ni mengi kuliko zamani. Kilichopotea ni ule ua, mahali ambapo mama asiye na mshahara aliweza kuanza na kuku mmoja, bila mtaji na bila kumwomba mtu. Mpangaji wa chumba cha ghorofa ya nne hana mahali pa kumweka tembe. Wengi wa namna yake wamehamia pembezoni, na huko kuku amewafuata. Kwa hiyo somo letu linawahusu ninyi wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, wa Chanika na wa Bunju kama linavyowahusu watu wa Msimbazi.

TUIJIBU METHALI

Sasa tuijibu methali yetu, kifungu kwa kifungu.

"Kuku wa maskini hatagi." Tumeona sababu: huuzwa akiwa tembe. Dawa yake ni kumtenga tembe mmoja tangu mwanzo, na watu wote wa nyumbani wajue kwamba huyu haguswi mpaka ametaga. Vikundi vya akina mama vinaweza kusaidiana hapa. Ikiwa mmoja amebanwa na kodi, wenzake wamkopeshe kidogo ili asimwuze tembe wake.

"Na akitaga haangui." Hapa kuna ujuzi. Mayai ya kwanza ni madogo, na vifaranga vyake huwa dhaifu. Hayo yaleni, au uzeni. Mpeni mja mzito na mtoto. Lakini msiyatoe yote kiotani. Acheni yai moja, kuku asije akahama kiota. Mayai ya kuatamiwa yawe ya baadaye, yaliyo makubwa na safi, nayo yasikae siku nyingi. Tuseme umemwekea koo mayai 10, akaangua 8, na ukafanikiwa kuwalea 5. Kama 3 kati yao ni majike, baada ya miezi 8 una mitetea 4 pamoja na mama yao. Hesabuni wenyewe darasani: mtetea mmoja akitaga mayai 40 kwa mwaka, wanne watataga mangapi?

"Na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe." Mwewe yupo, na dawa yake ni tenga la kuwafunika vifaranga katika majuma ya kwanza. Lakini mwewe mkubwa kuliko wote haonekani angani. Ni ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, na ukiingia uani huweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Zamani watu walisema ni upepo mbaya au jicho la jirani. Leo tunayo chanjo ya tone la jicho, nayo hutengenezwa hapa hapa nchini. Chanjo hiyo huvumilia joto kidogo, tena ni rahisi kutumia: tone moja katika jicho moja la kila kuku, na kurudia kila miezi 3. Mwoneni ofisa mifugo wa kata yenu. Chanjeni kuku wakiwa wazima, kwa maana kuku aliyekwisha ugua chanjo haimponyi.

Hivyo basi, methali haikusema uongo juu ya maisha ya wazee wetu. Ilieleza yale waliyoyaona: kodi, njaa, maradhi na mwewe. Lakini haikusema kwamba mambo hayo ni amri ya Mungu. Kila kifungu chake kina sababu, na kila sababu tumeiona katika historia ya mji huu. Palipo na sababu mtu anaweza kutafuta dawa.

Leo jioni mtakaporudi nyumbani, mtazameni tembe wenu ikiwa mnaye. Akiwa anachungulia chini ya kitanda na uso wake umekuwa mwekundu, msimfukuze. Mtafutieni kikapu na majani makavu, mkamweke penye giza kidogo. Amengojewa miezi mingi, asikose mahali.

Ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Kwaherini, na msome kwa bidii.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Tembe na mtetea wana tofauti gani? Andika sentensi moja kwa kila neno.
2. Kuku alifika pwani yetu kwa njia gani, na katika karne zipi?
3. Jina la Kariakoo lilitoka wapi?
4. Katika nyumba ya Kiswahili, ua ulikuwa na kazi gani? Waulizeni wazee wa darasa lenu waeleze waliyoyaona wao.
5. Mama mwenye tembe wa miezi 5 anadaiwa kodi ya chumba. Kikundi chenu kingemshauri nini?
6. Je, katika mtaa wenu kuna mwiko wowote juu ya kula mayai? Ulianzaje, na una madhara gani?